Mwili Haujengwi kwa Matofali: Chakula, Kupungua Uzito na Mzunguko wa Hedhi

Alfajiri, kabla jua halijauangaza Mlima Meru, barabara za Olasiti, magharibi mwa jiji la Arusha, huwa tayari zina watu. Wapo wanariadha wanaokimbia kwa makundi, nyayo zao zikigusa ardhi kana kwamba hawana uzito. Wapo pia wanawake wasio wanariadha, waliovaa masweta mazito ili watoke jasho, wakitembea kwa haraka: mmoja ana harusi baada ya miezi mitatu, mwingine ameshauriwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu. Wote hawa wanatafuta kitu kimoja, nacho ni wepesi wa mwili.

Miongoni mwao wamo watakaogundua, baada ya wiki au miezi kadhaa, kwamba hedhi imechelewa, imekuwa haba, au imekoma kabisa. Wamo pia ambao yatawatokea kinyume chake: hedhi iliyokuwa ikipotea kwa miezi itaanza kuja kwa utaratibu. Inakuwaje jambo lilelile, yaani kupungua uzito, limfungie mmoja na kumfungulia mwingine? Hilo ndilo swali la makala haya. Jibu lake lina uzito, kwa kuwa asiyelijua anaweza kuhangaika kwa miaka akitafuta dawa, huku mifupa yake ikipoteza uimara kimyakimya na tiba yake ikiwa jikoni kwake.

Mfano wa binti mkimbiaji

Tumfikirie binti wa miaka 19. Si mtu halisi. Tumemuunda ili msomaji aweze kuifuata hoja hatua kwa hatua. Ametoka Mbulu, anaishi Olasiti kwa shangazi yake, na anajifunza mbio ndefu. Ana sababu ya kuwa na matumaini. Mwezi Septemba 2023 Mtanzania Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika mbio za marathoni za Berlin kwa saa 2:18:41, na tangu hapo wasichana wengi wa kanda hii wameamini kwamba mbio zinaweza kuwafikisha mbali.

Kocha wake amemwambia kwamba akipungua kilo tatu atakuwa na kasi zaidi. Binti ameacha chapati ya asubuhi, amepunguza ugali wa usiku, na chakula cha mchana mara nyingi hukipita kwa kikombe cha chai. Kilo tatu zimetoka, na mwanzoni kasi iliongezeka. Sasa ni mwezi wa tano hajaziona siku zake. Wenzake mazoezini wamemwambia asijali, kwamba hiyo ni dalili ya mazoezi kukolea. Shangazi yake ana hofu mbili: mimba, na ile imani ya wengi kwamba hedhi isipotoka damu chafu hujaa tumboni. Anampeleka kituo cha afya.

"Shikamoo," binti anamsalimu muuguzi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Mara ya mwisho uliziona siku zako lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na tangu wakati huo umepungua kilo ngapi?"

Binti anashangaa, kwa kuwa alikuja kuzungumzia hedhi, si uzito. Hata hivyo swali hilo la pili ndilo linaloweza kumwokoa. Kipimo cha mimba kitafanyika, kama inavyopasa kufanywa kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa aliyekosa hedhi. Kikionyesha kwamba hana mimba, hatua ya kufuata ni kumuuliza kuhusu chakula, uzito, mazoezi na mawazo yanayomsumbua.

Tuanze kwa kumtoa shangazi hofu yake. Damu ya hedhi hutokana na ukuta laini wa mji wa mimba ambao hunenepa kila mwezi kwa amri ya homoni, kisha hubomoka mimba isipotunga. Binti aliyepungukiwa na chakula hana homoni ya kutosha ya kuunenepesha ukuta huo, kwa hiyo hakuna damu iliyojengeka inayosubiri kutoka. Kumpa dawa za mitishamba za "kuisukuma damu" ni kusukuma kitu kisichokuwepo.

Ubongo huhesabu chakula

Hedhi huonekana chini, lakini huanzia juu, ndani ya ubongo. Sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ijulikanayo kama GnRH. Homoni hiyo haimiminiki kama maji ya bomba. Hutoka kwa mapigo, na katika nusu ya kwanza ya mzunguko pigo moja huja kila baada ya dakika 60 hadi 90 hivi. Kila pigo huiamsha tezi ya pituitari, nayo hupeleka ujumbe kwenye ovari ili yai lipevuke na homoni ya estrojeni itengenezwe. Mapigo yakipungua kasi, yai halipevuki. Yai lisipopevuka, mzunguko huyumba, na hatimaye hedhi hukoma.

Haipothalamasi hupokea taarifa za chakula kila siku. Mojawapo ya wajumbe wake ni leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili na kugunduliwa mwaka 1994. Mtu anapopunguza chakula kwa ghafla, leptini hushuka ndani ya siku chache, mapema kabla ya mafuta yenyewe kupungua kwa kiasi cha kuonekana kwenye kioo. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wanawake waliokosa hedhi kwa sababu ya mazoezi makali au uzito mdogo walianza tena kupevusha mayai walipopewa leptini. Ubongo wao haukuwa na ugonjwa, bali ulikuwa umeamini taarifa ya njaa.

Kuna hekima katika tabia hiyo ya mwili. Kwa makadirio ya mashirika ya FAO na WHO, mimba moja humgharimu mama takriban kilokalori 77,000 zaidi ya mahitaji yake ya kawaida, na kunyonyesha huja na gharama yake. Mwili unaoona akiba inapungua huanza kufunga shughuli zinazoweza kusubiri. Moyo hauwezi kusubiri wala mapafu hayawezi, uzazi unaweza. Historia imelithibitisha hilo kwa uchungu. Uholanzi ilipokumbwa na njaa ya vita katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wanawake wengi walikosa hedhi, na miezi tisa baadaye idadi ya watoto waliozaliwa katika miji iliyoathirika ilishuka hadi karibu nusu.

Si wembamba peke yake

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba hedhi hukoma mafuta ya mwili yanaposhuka chini ya kiwango fulani. Dhana hiyo, iliyoenezwa na mtafiti Rose Frisch katika miaka ya 1970, ilifungua njia, lakini haikueleza kwa nini wasichana wawili wenye wembamba uleule hutofautiana, mmoja akiona hedhi na mwingine akiikosa. Majaribio ya Anne Loucks nchini Marekani yalileta jibu bora. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, wasichana wenye afya na mizunguko ya kawaida walipunguziwa nishati kwa siku tano tu. Mapigo ya homoni yalianza kuvurugika pale nishati iliyobaki mwilini baada ya mazoezi iliposhuka chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta kwa siku. Siku tano hazitoshi kumfanya mtu kuwa mwembamba. Kilichobadilika ni hesabu ya kinachoingia na kinachotumika.

Tuifanye hesabu hiyo kwa binti yetu. Ana kilo 48, na tukiondoa mafuta, mwili wake una kilo 40. Tuseme anakula kilokalori 1,700 kwa siku, na mazoezi ya takriban kilomita 16 yanateketeza 800. Zinabaki 900 za kuendesha moyo, ubongo, ini, mifupa na uzazi. Ukizigawa kwa kilo 40, unapata 22.5. Yupo chini ya 30, na mbali sana na 45, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kutosha. Ili afike 45 anahitaji takriban kilokalori 2,600 kwa siku. Amepungukiwa na 900.

Namba 30 si ukuta unaotenganisha wazima na wagonjwa. Wapo wanaovurugika mapema na wapo wanaochelewa, na wasichana wadogo ambao hedhi yao ina miaka michache tangu ianze huathirika kwa urahisi zaidi. Namba hiyo ina kazi ya kutukumbusha kwamba mtu anaweza kula milo mitatu, asijinyime kwa makusudi, na bado awe na njaa ambayo tumbo halimwambii.

Ushahidi wa jirani upo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha wasichana 61 wa Kenya, wakimbiaji wa mbio za kati na ndefu, na wasichana 49 wasio wanariadha. Upungufu mkubwa wa nishati ulionekana kwa asilimia 17.9 ya wakimbiaji, ilhali kwa wasio wanariadha ulikuwa asilimia 2.2. Kasoro za hedhi zilikuwa asilimia 32.7 kwa wakimbiaji na 18.3 kwa wenzao. La kuzingatia zaidi ni kwamba tabia za ulaji zenye kasoro, kama vile kujinyima kwa kuogopa unene, hazikutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo kocha asisubiri kumwona msichana akikataa chakula ndipo ashtuke. Huenda anakula kama wenzake wa nyumbani, lakini anakimbia kuliko wao.

Mifupa haisubiri

Yuko atakayesema: kama hataki mimba sasa, hedhi ikikoma kuna hasara gani? Hasara ipo kwenye mifupa. Estrojeni ndiyo inayozuia mfupa usibomolewe kwa kasi kuliko unavyojengwa. Msichana anapofikia miaka 18 huwa amejenga takriban asilimia 90 ya akiba ya mifupa atakayoitegemea maishani. Anayekaa bila hedhi katika miaka hiyo anajenga nyumba kwa saruji pungufu. Dalili ya kwanza inaweza kuwa maumivu ya muundi au ya unyayo yasiyoisha, ambayo kumbe ni ufa mdogo wa mfupa, na sehemu ya mfupa iliyopotea inaweza isirudi yote hata hedhi ikirejea.

Kwa sababu hiyo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, katika tamko lake la 2014 lililorekebishwa 2018 na 2023, iliupa upungufu wa nishati katika michezo hadhi ya tatizo la mwili mzima, linaloathiri mifupa, moyo, kinga, hisia na uwezo wa kushindana, kwa wanawake na wanaume. Ile kauli kwamba hedhi kukoma ni dalili ya mazoezi kukolea inapaswa kuachwa.

Kosa jingine ni kumpa msichana vidonge vya uzazi wa mpango ili "hedhi irudi". Damu itatoka, ni kweli, lakini ni damu inayoletwa na vidonge vinapositishwa kila mwezi. Haionyeshi kwamba ubongo umeanza tena kazi yake. Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa mwaka 2017 unashauri vidonge hivyo visitumike kwa lengo la kurejesha hedhi au kuimarisha mifupa katika hali hii. Vinafunika taa ya onyo huku hitilafu ikiendelea.

Upande wa pili wa mizani

Sasa tumrudie yule mwanamke ambaye kupungua kulimfungulia. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene, na asilimia 10 walikuwa wembamba kupita kiasi. Nchi yetu ina shida zote mbili, na pengine ndani ya nyumba moja.

Mafuta yanapozidi, hasa ya tumboni, mwili huanza kutoitikia vizuri homoni ya insulini. Kongosho hutoa insulini zaidi ili kufidia, na insulini hiyo nyingi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mayai huanza kukua, kisha hukwama kabla ya kupevuka. Hali hii ni ya kawaida kwa wenye tatizo la ovari lijulikanalo kama PCOS, ambalo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa lipo kwa asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Mwenye nalo anaweza kukaa miezi mitatu bila hedhi, kisha ikaja nyingi isiyokatika. Anaweza kuota nywele kidevuni, kupata chunusi, na kuchelewa kushika mimba. Wapo pia wenye tatizo hili ambao ni wembamba, kwa hiyo umbo peke yake halitoshi kutoa hukumu.

Hapa, tofauti na kwa binti yetu, ukuta wa mji wa mimba hunenepa kweli kwa sababu estrojeni ipo bila homoni ya kuisawazisha, yaani projesteroni. Hali hiyo ikiachwa kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba, na ndiyo maana nayo isipuuzwe. Mara nyingi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito hutosha kuyarudisha mayai kwenye njia yake. Kwa mwanamke wa kilo 90 hiyo ni kilo 4.5 hadi 9. Hahitaji kurudi kwenye uzito aliokuwa nao shuleni.

Lakini apungue kwa utaratibu, kilo nusu hivi kwa wiki. Mwanamke mnene anayejifungia kwa maji ya ndimu na matango kwa mwezi mzima anaweza naye kukosa hedhi, kwa sababu ubongo husoma kasi ya upungufu sawa na unavyosoma kiasi cha akiba. Onyo hili linamhusu pia bibi harusi mwenye miezi mitatu. Baadhi ya chai za "kukata tumbo" huwa na majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Mizani itashuka kwa kuwa maji na choo vimetoka, wakati mafuta yamebaki palepale.

Kwa hiyo fumbo la mwanzo halina ajabu. Ubongo unataka akiba ya wastani na mapato ya kutosha. Aliyezidisha akipungua polepole anaukaribia wastani huo, na ambaye hakuzidisha akipungua anauacha.

Sahani ya kurejesha hedhi

Turudi kwa binti na upungufu wake wa kilokalori 900. Hazihitaji vyakula vya dukani vyenye majina ya kigeni. Vikombe viwili vya maziwa yasiyotolewa mafuta vina takriban 300. Kiganja cha karanga, gramu 30, kina 170. Nusu ya parachichi, tunda ambalo miteremko ya Meru imejaliwa, ina 160. Gramu 80 za unga zikiongezwa kwenye uji wa asubuhi au ugali wa usiku zinatoa takriban 290. Jumla ni zaidi ya 900. Loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, makande yaliyoungwa kwa mafuta, au ndizi zilizopikwa na nyama vinaweza kuifanya kazi hiyohiyo. Wanga usiondolewe, kwa kuwa ndio mafuta ya injini ya mkimbiaji. Ale kitu kabla ya mazoezi au mara tu baada yake, asiuache mwili utwa nzima ukisubiri mlo wa usiku.

Pamoja na chakula, mazoezi yapunguzwe kwa muda, na apumzike angalau siku moja kwa wiki. Hedhi haitarudi kesho. Wengi huhitaji miezi kadhaa, na wengine zaidi ya mwaka. Afahamu pia kwamba yai la kwanza hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Anayeshiriki ngono anaweza kushika mimba wakati bado anaamini kwamba "hana siku". Na ikiwa chakula chenyewe kimekuwa chanzo cha hofu, akila anajuta au anajitapisha, msaada anaouhitaji ni pamoja na wa mshauri wa afya ya akili, na si jambo la kuonea aibu.

Wakati wa kumwona mhudumu wa afya

Mwanamke apimwe ikiwa hedhi imekosekana kwa miezi mitatu, au ikiwa mzunguko unazidi siku 45 mara kwa mara. Msichana aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo naye apimwe. Asiye na hedhi mwenye maumivu ya mfupa yasiyoisha asisubiri miezi hiyo mitatu. Kupungua uzito kusikotafutwa, kukiandamana na kikohozi, homa au jasho la usiku, kunahitaji uchunguzi wa haraka wa kifua kikuu na magonjwa mengine.

Chakula kisilaumiwe kabla mengine hayajaangaliwa. Mimba, kunyonyesha, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, matatizo ya tezi la shingo, na homoni ya maziwa kuzidi, vyote vinaweza kusimamisha hedhi. Njoo na tarehe zako zimeandikwa kwenye daftari au simu, pamoja na uzito wako wa sasa na wa miezi sita iliyopita. Taarifa hizo mbili hazigharimu kitu, nazo humfupishia mhudumu safari ndefu ya vipimo.

Kwa makocha tuna ombi moja. Kabla ya kumwambia msichana apunguze kilo, muulize kama anaona siku zake. Au, kama kumuuliza kunakuwia vigumu, mteue mama au dada katika timu afanye hivyo. Jibu lake ni kipimo cha mazoezi kama ilivyo saa ya mkononi. Na kwa shangazi na mama wanaopika, ukiona binti anayekimbia anapunguza tonge, usimsifu kwa wembamba wake kabla hujajua hali yake. Wazee walisema adui muombee njaa. Binti huyu si adui wa mtu, tusimwache ajiombee mwenyewe. Mwili haujengwi kwa matofali, na hedhi ni mojawapo ya njia unazotumia kutueleza kama vifaa vya ujenzi vimefika.